Presha na Ubongo: Kinachovuja Kabla Mshipa Haujapasuka

Tukizungumzia presha na ubongo, wengi wetu tunafikiria bomba: maji yakisukumwa kwa nguvu kupita kiasi, bomba hupasuka. Mtu kaamka salama, jioni upande mmoja wa mwili hausikii, mdomo umepinda, na majirani wanasema presha imempiga.

Picha hiyo ina ukweli wake. Tarehe 12 Aprili 1945, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikuwa amekaa kwenye nyumba yake ya mapumziko huko Warm Springs, jimbo la Georgia. Ghafla akashika kisogo, akasema kichwa kinamuuma vibaya sana, akazimia. Daktari wake, Howard Bruenn, alipompima alikuta presha imevuka 300 kwa 190. Alasiri hiyo hiyo Roosevelt akafariki kwa damu kuvujia ubongoni. Lakini Machi 1944, zaidi ya mwaka mmoja kabla, Bruenn huyo huyo alikuwa amekuta presha ya 186 kwa 108, na kumbukumbu zinaonyesha ilikuwa ikipanda tangu miaka ya 1930. Mshipa uliopasuka siku ile ulikuwa umeanza kuharibika miaka mingi nyuma.

Nataka tuitazame hiyo miaka ya nyuma. Presha haikai kimya ikisubiri siku ya kupasua mshipa. Inaanza kwa kulegeza kuta za mishipa midogo kabisa ya ubongo, zikaanza kupitisha vitu ambavyo hazikupaswa kupitisha. Wataalamu wanauita ukuta huo kizuizi kati ya damu na ubongo, na ukiuelewa, mambo mengi ya presha ambayo hospitalini hutajwa juu juu tu yanaanza kueleweka.

Kizuizi chenyewe

Mishipa midogo ya damu, yaani kapilari, haifanani mwili mzima. Kwenye ini, misuli au ngozi, maji na chumvi hutoka kwenye damu na kuingia kwenye nyama bila shida. Ubongo hauwezi kuishi hivyo. Seli za neva zinafanya kazi kwa umeme, na umeme huo unategemea kiasi maalumu cha sodiamu na potasiamu kwenye maji yanayozizunguka. Ndani ya damu viwango hivyo hupanda na kushuka kila siku, kutokana na mlo, jasho na kazi ngumu. Kama ubongo nao ungepanda na kushuka pamoja na damu, degedege lingekuwa jambo la kila mara.

Kugundua kwamba kuna kizuizi kulichukua muda. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, mwanasayansi wa Ujerumani, alidunga rangi kwenye damu ya wanyama. Viungo vikabadilika rangi, ila ubongo na uti wa mgongo vikabaki vyeupe. Yeye aliona kwamba ubongo haushiki rangi, basi. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Edwin Goldmann akageuza jaribio: akaidunga rangi kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Safari hii ubongo ukashika rangi vizuri kabisa, na viungo vingine vikabaki kama vilivyokuwa. Kumbe ubongo unashika rangi, ila kuna kitu kinazuia njia kati yake na damu.

Kitu hicho kilikuja kuonekana kwa macho mwaka 1967, pale Thomas Reese na Morris Karnovsky walipotumia hadubini ya elektroni kutazama ubongo wa panya. Walikuwa wamewadunga panya hao kimeng'enya kinachoacha alama nyeusi kila kinapofika. Ndani ya kapilari weusi ulijaa tele. Ulifika hadi pale seli mbili za ukuta wa mshipa zinapokutana, ukajipenyeza kidogo katikati yao, kisha ukakoma. Ng'ambo ya pale palikuwa peupe.

Seli hizo za ukuta zinaitwa seli za endotheli. Kwenye ubongo zimeshikana kwa protini, kama klaudini na okludini, zinazoziba nafasi iliyobaki kati ya seli na seli. Kwa nje zimekumbatiwa na seli nyingine, perisaiti, halafu kuna utando mwembamba, halafu miguu ya seli ziitwazo astrosaiti ambayo imeufunika mshipa karibu wote. Tabaka hizi zote hutegemeana: perisaiti zikipungua, endotheli nayo hulegea. Hebu fikiria na ukubwa wake: kapilari za ubongo wa mtu mmoja, zikiungwa moja baada ya nyingine, zinakadiriwa kufika kilomita 600 hivi, umbali unaokaribia ule wa Dar es Salaam hadi Arusha kwa barabara. Kote huko, kizuizi kinalinda.

Si kila kitu kinazuiwa. Oksijeni, kaboni dioksidi na pombe hupita moja kwa moja, kwa sababu huyeyuka kwenye mafuta ya utando wa seli. Sukari hubebwa na protini maalumu. Hata methildopa, dawa ya presha ambayo akina mama wajawazito wengi wanaijua kwa jina la Aldomet, hufanya kazi ndani ya ubongo, na huingia kwa kubebwa na protini ambazo kazi yake ya kawaida ni kuvusha chakula cha protini kilichomeng'enywa. Vingine vingi, zikiwemo protini kubwa za damu, homoni nyingi na seli nyingi za kinga, hubaki nje.

Presha inapozidi kipimo

Kabla presha haijafika kwenye kapilari, hukutana na kinga ya kwanza. Mishipa inayopeleka damu ubongoni ina misuli kwenye kuta zake, na misuli hiyo inahisi shinikizo. Presha ikipanda, hujikaza na mshipa unakuwa mwembamba, ikishuka, hujilegeza. Kwa mtu mzima mwenye afya, kazi hii huenda vizuri pale wastani wa shinikizo la damu, namba iliyo kati ya ile ya juu na ile ya chini ya kipimo, unapokuwa kati ya takriban 60 na 150. Ndani ya mipaka hiyo ubongo hupata damu ileile, na kapilari haziguswi na mabadiliko ya huko juu.

Juu ya mpaka huo misuli inashindwa. Mishipa hutanuliwa kwa nguvu, shinikizo lote linashuka kwenye kapilari na vena ndogo, na pale ambapo seli zilikuwa zimeshikana panaanza kuachia. Isitoshe, seli zenyewe huanza kumeza vitu kutoka kwenye damu kwa vifuko vidogo na kuvimwaga upande wa pili, kazi ambayo kwa kawaida huifanya kwa uchache sana. Maji na protini za damu huingia ubongoni. Ubongo unavimba, na fuvu la kichwa halina nafasi ya kumpa mgeni.

Madaktari wa New York, Oppenheimer na Fishberg, walieleza hali hii mwaka 1928: kichwa kuuma sana, kutapika, kuchanganyikiwa, macho kutoona vizuri, degedege, yote yakisababishwa na presha kali. Mwaka 1996 kundi la madaktari lililoongozwa na Judy Hinchey lilichapisha picha za ubongo za wagonjwa wa aina hiyo, na jambo moja likajitokeza: uvimbe mwingi ulikuwa sehemu ya nyuma, kisogoni, mahali ubongo unapochakata tunachokiona. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba mishipa ya nyuma ina neva chache za kuisaidia kujikaza kuliko ile ya mbele, kwa hiyo hushindwa mapema.

Hili linatupeleka wodi ya wazazi, na hapo nitakaa kidogo, kwa sababu kwetu Afrika Mashariki ndipo kizuizi hiki kinapovunjika mbele ya macho ya watu wengi bila kutajwa jina.

Mama ana mimba ya miezi minane. Uso na mikono vimevimba. Mkunga anafunga mkanda wa kipimo mkononi, anasikiliza, anafunga tena kuhakikisha. Kisha anauliza maswali ambayo ukiyasikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani hayahusiani na presha: "Mama, kichwa kinauma? Unaona nyotanyota? Macho yanaona ukungu?" Mama anajibu, "Ndiyo sista, tangu jana naona vitu vinametameta." Jibu hilo linabadilisha kila kitu. Zile nyotanyota hazitoki machoni. Ni dalili kwamba kisogoni, pale kwenye sehemu ya ubongo inayoona, mambo yameanza kuharibika, na degedege la kifafa cha mimba linaweza kuwa saa chache mbele. Baadhi ya ndugu husema mama ameona maruweruwe au amepagawa, wakamzungusha kwa waganga. Saa hizo ndizo zinazoua.

Kinachotatiza ni kwamba baadhi ya akina mama hupata degedege presha ikiwa 150 kwa 100 tu, kiwango ambacho wazee wengi hutembea nacho sokoni. Kwa nini? Kwa sababu mbili zinazokutana. Kwanza, katika ugonjwa huu kondo la nyuma humwaga kwenye damu ya mama protini zinazoiumiza endotheli mwili mzima, hivyo kizuizi kinakuwa kimeshalegea kabla ya presha kukisukuma. Pili, huyu ni binti wa miaka 20 na kitu aliyeishi na presha ya 100 kwa 60. Mishipa yake haijawahi kujifunza kubeba zaidi.

Dawa inayotumika kuzuia degedege hilo ni magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Dawa hii haishushi presha kwa kiasi cha maana. Majaribio ya panya yanaonyesha kwamba, pamoja na kutuliza neva, inapunguza uvujaji kwenye kizuizi. Kwa hiyo mama hupewa dawa mbili kwa kazi mbili: moja ya kushusha presha, nyingine ya kuukinga ubongo. Nadhani kila mume na kila mama mkwe anayesubiri nje ya wodi angefaa kuelezwa hivyo, asije akasema "presha imeshashuka, sindano hii ya nini tena?"

Mzee mwenye 200 asiyehisi kitu

Sasa mgeukie mtu wa upande wa pili. Mzee wa miaka 65 anapimwa kwenye kambi ya bure ya upimaji, presha inasoma 200 kwa 110. Hana kichwa kinachouma wala kizunguzungu. Anasema kipimo kibovu.

Kipimo ni kizima. Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hujenga misuli zaidi na kuwa nene, na ile mipaka ya 60 na 150 inasogea juu yote miwili. Mishipa yake inaweza kujikaza dhidi ya shinikizo ambalo lingemwangusha binti wa kifafa cha mimba. Ndiyo maana hahisi kitu. Lakini mpaka wa chini nao umepanda: presha ambayo kwa mwingine ni ya kawaida, kwake inaweza kuwa ndogo mno kiasi cha ubongo kukosa damu. Hapo zamani ilikuwa desturi mgonjwa wa namna hii kutobolewa kapsuli ya nifedipini chini ya ulimi ili presha ishuke mara moja. Ilishuka kweli, na baadhi yao walipata kiharusi palepale kwa ubongo kukosa damu. Desturi hiyo ilikuja kupigwa vita kwa sababu hiyo.

Unene huo wa mishipa ni kinga yenye gharama kubwa. Ndani kabisa ya ubongo kuna mishipa myembamba inayochipuka moja kwa moja kutoka kwenye mikubwa, hivyo hupokea shinikizo karibu lote. Kuta zake hukakamaa, misuli hufa polepole, na protini za damu hujipenyeza ndani ya ukuta na kuganda humo. Baadhi ya mishipa huziba, na kipande kidogo cha ubongo, pengine kama punje ya mahindi, hufa bila mwenyewe kujua. Mingine hutoa matone madogo ya damu. Katika kapilari zinazofuata, kizuizi huvuja taratibu, miaka nenda rudi.

Kinachovuja kina madhara yake. Fibrinojeni, protini inayosaidia damu kuganda, ikifika kwenye ubongo huamsha seli za kinga za huko, nazo huanza kutoa kemikali zinazounguza jirani zao. Wanaoumia zaidi ni nyuzi za neva zenye ala ya mafuta, zile zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Kwenye picha ya MRI zinaonekana kama madoa meupe yaliyotapakaa. Nyumbani dalili zake ni hizi: mama mkubwa anapiga hatua fupi fupi kama anayeogopa kuteleza, hesabu za duka zinamchukua muda mara mbili, anashindwa kupanga shughuli mbili kwa mpigo, anakuwa mzito wa kujibu. Majina ya wajukuu anaweza kuyakumbuka yote. Kwa kuwa hajasahau watu, familia inasema ni uzee tu, na presha haitajwi.

Tunajua ugonjwa huu hauko mbali nasi. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, ulikuta kwamba viharusi vipya Dar es Salaam vilifikia takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Hai ilikuwa 109 hivi. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kama wanayo.

Uvujaji unapoipandisha presha yenyewe

Hadi hapa nimeeleza kama vile njia ni moja tu, kutoka presha kwenda kwenye kizuizi. Majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba kuna njia ya kurudi.

Kuna homoni iitwayo anjiotensini ya pili. Huminya mishipa ya damu na kuufanya mwili ushikilie chumvi, na dawa nyingi za presha, kama losartani na kaptoprili, zinaizuia. Kwa kawaida homoni hii haivuki kizuizi, isipokuwa inagusa vijisehemu vichache vya ubongo ambavyo kwa maumbile havina kizuizi, ili ubongo uweze kuionja damu. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Vinicia Biancardi walionyesha kwamba kwa panya wenye presha, kizuizi kimevuja hasa kwenye maeneo yanayoamuru mapigo ya moyo na kubana kwa mishipa. Anjiotensini ya kwenye damu ilikutwa imeingia humo na kuzifikia seli za neva. Maana yake ubongo wenyewe unachochewa kutoa amri ya kupandisha presha zaidi, na presha hiyo inazidi kulegeza kizuizi.

Kundi la Costantino Iadecola wa New York limeonyesha njia nyingine. Homoni hiyo hiyo, ikipita endotheli, hukutana na seli za kinga zinazokaa kandokando ya mishipa ya ubongo. Seli hizo huanza kutoa kemikali kali za oksijeni, na mishipa inapoteza uwezo wa kuongeza damu pale ubongo unapoihitaji. Panya wa aina hii husahau njia na vitu walivyovizoea. Seli hizo zikiondolewa, hali yao inakuwa bora.

Jambo la kutia moyo limetoka São Paulo, Brazili. Panya wenye presha waliofanyishwa mazoezi ya kukimbia walionekana kizuizi chao kikirudi kuwa imara katika majuma machache, hata kabla presha yao haijashuka. Ni panya, wala si watu, na mtu asiache dawa kwa ajili yao. Lakini linanionyesha kwamba kizuizi ni nyama hai inayoweza kujirekebisha.

Kwa binadamu, ushahidi mzito zaidi tulionao ni wa utafiti wa Marekani uitwao SPRINT, uliohusisha watu zaidi ya 9,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Nusu yao walitibiwa hadi namba ya juu ya presha ishuke chini ya 120, nusu chini ya 140. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliolenga 120 walipungukiwa na hatari ya kuanza kudhoofika kumbukumbu na fikra kwa takriban asilimia 19, na madoa meupe kwenye ubongo wao hayakuongezeka sana kama ya wenzao. Kwa upande wa ugonjwa kamili wa kusahau, tofauti haikutosha kuthibitisha. Utafiti huo haukuhusisha watu wenye kisukari wala waliokwisha kupata kiharusi, kwa hiyo lengo la 120 si la kila mtu kujiamulia nyumbani.

Na yule mzee wa 200 kwa 110? Kama hana dalili zozote za ubongo, moyo, figo wala macho, hahitaji sindano ya kumshusha leo leo. Anahitaji kuanza vidonge, kupunguza chumvi, na kurudi kliniki baada ya siku chache, kisha tena na tena, ili presha ishuke kwa majuma. Presha ikishuka polepole hivyo, ile mipaka ya mishipa iliyosogea juu nayo huanza kurudi chini pamoja nayo. Lakini akianza kuchanganyikiwa, kuona ukungu, kutapika na kichwa kumuuma vibaya, hiyo ni habari nyingine. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Hata huko, isipokuwa kwa hali chache maalumu, madaktari watajitahidi wasimshushe zaidi ya robo ya wastani wa shinikizo lake ndani ya saa ya kwanza.